Idd shambani wakati wa maradhi: Anza na haki ya mwenyeji wako



Ndugu msomaji, kila Idd inapokaribia familia nyingi za Dar es Salaam huulizana swali moja: safari hii tunakwenda kula sikukuu wapi? Wenye asili ya Uzaramoni hukumbuka kwao Kisarawe, Masaki, Mzenga au Maneromango, kwenye nyumba ya babu na minazi yake. Wengine Allah (s.w.) amewajaalia ekari moja au mbili upande wa Kibaha, pande za Visiga, Soga au Mlandizi, wakajenga kibanda cha vyumba viwili chini ya miembe na kumweka mtu wa kuwatunzia. Hao nao huona sikukuu ndiyo nafasi ya kwenda kupumzika, watoto wakimbie, mama apikie nje, baba alale mchana bila kelele za bodaboda.

Hilo ni jambo jema. Kuunga udugu ni ibada, na kuupumzisha mwili nao una haki yake. Lakini safu hii ni ya afya na usafi, kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya safari hiyo hiyo pale inapoangukia katika kipindi cha maradhi ya kuambukiza. Wakati huo hamu ya kwenda shamba huongezeka badala ya kupungua. Mtu hujisemea, "Mjini kumeharibika, watu wamebanana, bora niwapeleke watoto shamba kwenye hewa safi." Tuliyaona hayo mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa, na ilipofika Idd el-Fitr mwezi Mei watoto walikuwa wamekaa nyumbani zaidi ya miezi miwili. Wengi tulipakia magari tukatoka.

Mimi ni mmoja wao, na naomba nianze kwa kukiri kosa langu.

YALIYOTUKUTA

Idd ile tulikuwa watu kumi na mmoja katika gari aina ya Noah, wakubwa tumepakata watoto, tukaelekea kwa mjomba wangu huko ndani Kisarawe. Mjomba alikuwa amepita miaka sabini na ana sukari. Kijana wangu mmoja alikuwa na mafua tangu juzi yake. Tukasema ni mafua ya kawaida, ni haya haya ya mvua. Tulibeba mchele, nyama, mafuta, soda na nguo mpya za watoto. Hatukubeba hata kipande kimoja cha sabuni, kwa sababu nani anabeba sabuni kwenda kwa mjomba wake?

Tulifika tukapokewa kwa furaha. Tukashikana mikono, tukakumbatiana, watoto wakampa mjomba shikamoo mmoja mmoja na kumbusu mkono. Pilau lilipoiva likapakuliwa kwenye sinia mbili, wanaume sinia moja na wanawake na watoto sinia nyingine. Jirani wa mjomba, mzee mwenzake waliyecheza naye bao miaka mingi, akaitwa naye akakaa kwenye sinia yetu, bega kwa bega na kijana wangu mwenye mafua. Tulilala siku tatu, tukarudi mjini tumenawiri.

Siku ya nne baada ya kurudi, mjomba alipiga simu kuwa ana homa na kikohozi. Aliugua karibu wiki tatu, akapona, alhamdulillah. Jirani yake hakupona. Alizikwa kabla hata sisi hatujapata habari.

Sijui kama ni sisi tuliompelekea. Hakupimwa yeye, wala hakupimwa kijana wangu. Inawezekana ilikuwa maradhi mengine kabisa, na ajali ya mtu iko mikononi mwa Allah. Lakini najua kuwa nilikuwa na njia za kumkinga mzee yule na sikutumia hata moja. Jambo hilo linanirudia kila nikiona sinia ya pilau.

HOJA YANGU

Tunapojiandaa kwenda shamba wakati wa maradhi, karibu maandalizi yetu yote huwa ni kwa ajili yetu wenyewe. Tunauliza: tutakula nini, tutalala wapi, je huko kuna korona, kuna kipindupindu? Tunajiona sisi ndio wazima tunaokimbilia mahali salama. Swali la kwanza lingepaswa kuwa kinyume chake: je, mimi ni salama kwa yule ninayemwendea?

Fikiri nani yuko shambani. Vijana wengi wako mjini. Waliobaki ni wazee, kinamama na watoto wadogo. Zahanati iko mbali, usafiri ni pikipiki, maji ni ya kisima. Kwenye shamba lako la Kibaha yuko mlinzi na mkewe na watoto wao, watu ambao mshahara unaowalipa hauwatoshi kulazwa hospitali hata siku mbili. Wewe unatoka Kariakoo, Mbagala au Manzese, ambako kwa siku moja umekaribiana na mamia ya watu sokoni, ndani ya daladala na ofisini. Katika maradhi yanayopita kwa pumzi na mikono, mjini ndiko yanakoanzia kuenea, na mgeni wa sikukuu ndiye gari lake la kwenda kijijini. Kijiji hakikuombi mengi. Kinachokustahikia kwake ni amana: usikiletee madhara.

TUJIFUNZE KWA WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka wa 18 Hijria Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuwa huko kumeingia tauni, ile inayojulikana kama tauni ya Amwas. Akawataka Maswahaba ushauri, wakatofautiana. Akakata shauri la kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, na jibu la Umar likawa kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na mafunzo aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi usiingie, na ikitokea nchi uliyomo usitoke kwa kuikimbia.

Tazama uzito wa sehemu ile ya pili. Inamlinda mtu asiyekuwepo, yule wa kijiji kingine ambaye hajaugua bado. Na yako mafunzo mengine ya Mtume (s.a.w.) kuwa mwenye mifugo migonjwa asiipeleke kwa mwenye mifugo mizima. Ikiwa ngamia amewekewa haki hiyo, vipi mjomba wako?

Vitabu vya historia vinasimulia pia kwamba katika tauni ile ile, baada ya Abu Ubayda na Muadh (r.a.) kufariki, Amr bin al-As (r.a.) aliwatawanya watu milimani mpaka maradhi yakapungua. Kwa hiyo kutawanyika kwa utaratibu kuna nafasi yake, ili watu wasirundikane mahali pamoja. Lini kutoka kunakuwa kukimbia, na lini kunakuwa haja inayokubalika, hayo nawaachia masheikh. Mimi nitasema upande wa afya: serikali ikizuia kutoka, usitoke. Kukiwa na mgonjwa ndani ya nyumba, au mmoja wenu amekaa karibu na mgonjwa, safari imekufa. Kama hakuna hayo, basi jiandae namna hii.

WIKI MBILI KABLA

Maandalizi yanaanza kabla ya kununua mchele. Kila maradhi yana siku zake za kujificha mwilini kabla ya dalili kutokea. Korona huweza kufika siku 14, ingawa mara nyingi hujitokeza mapema zaidi. Kipindupindu ni kati ya saa chache na siku tano. Mpox, ambayo wagonjwa wake wa kwanza nchini walithibitishwa Machi 2025, na Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, huweza kufika siku 21. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuonekana mzima, anacheka, naye tayari amebeba.

Kwa hiyo katika wiki mbili hizo familia ipunguze mizunguko. Harusi zisizo za lazima ziache. Sokoni aende mmoja. Mambo ya kununua nguo za Idd usiku wa mwisho Kariakoo, watoto wote wamekamatana mikono kwenye msongamano, halafu kesho yake mnakwenda kwa bibi, ndiyo tuyaache hasa.

Kisha mpigie mwenyeji simu na mwulize kwa heshima: "Mjomba, hapo nyumbani wote wazima? Kuna mgonjwa? Mnaturuhusu tuje?" Na umweleze hali yako bila kuficha. Wazee wetu hawatamki neno "msije", ni aibu kwao kumkataa mgeni. Kwa hiyo usimtwishe mzigo wa kukukataa. Ukiona sauti yake inasita, jiondoe mwenyewe: "Mjomba, safari hii tutatuma sadaka na kitoweo, tutakuja mambo yakitulia." Fedha kwa simu inafika kwa dakika moja wala haikohoi.

Ikiwa kuna chanjo ya maradhi hayo na mmeshauriwa kuchanjwa, fanyeni mapema, si siku ya safari, kwa sababu kinga huhitaji siku kujijenga.

Asubuhi ya kuondoka, kila mtu aulizwe: una homa? Unakohoa? Unaharisha? Una vipele? Kipimajoto cha dukani si ghali. Mmoja akiwa na dalili, habaki yeye peke yake, wanabaki wote waliolala naye nyumba moja. Najua ni uchungu, mmeshapika maandazi na watoto wamevaa. Lakini uchungu huo unaisha jioni. Wa mjomba wangu na jirani yake haukuisha jioni.

KAPU LA SAFARI

Katika kapu la vyakula ongeza kapu la pili la usafi, nalo lihesabiwe kama mchele unavyohesabiwa:

Sabuni ya kipande ya kutosha ninyi na mwenyeji, na mnayoiacha mkiondoka. Hata ile ya mche ya kufulia inatosha, ugonjwa haujali harufu.

Barakoa kwa kila mtu, na za akiba kwa wenyeji.

Ndoo mbili zenye mfuniko, moja ya maji ya kunywa, moja yenye koki ya kunawia.

Vidonge vya kutibu maji, au mkaa na kuni za kutosha kuyachemsha.

Sahani, kikombe na kijiko cha kila mtu.

Vyandarua vyenye dawa kwa idadi ya vitanda na mikeka.

Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha, dawa ya homa, na dawa zote za kila siku za wenye sukari na presha, kwa siku za safari na wiki moja zaidi. Wengi huzisahau hizi, na duka la dawa la kijijini halina kila kitu.

Kadi za bima za afya, na akiba ya fedha ya pikipiki au gari la dharura ambayo haiguswi kwa soda.

NJIANI

Kama mna gari lenu, msibanane kama tulivyobanana sisi. Fungueni vioo, kwani hewa inayopita hupunguza sana pumzi ya ugonjwa kukaa ndani. Kama ni daladala au basi, iwe mnapandia Mbezi kwenda Kibaha au Gongo la Mboto kwenda Kisarawe, ondokeni mapema asubuhi siku mbili kabla ya sikukuu. Mkesha wa Idd hakuna basi lisilojaa. Vaeni barakoa, kaeni karibu na dirisha, na mkishuka naweni mikono kabla ya kugusa muhogo wa njiani.

MKIFIKA: NYUMBA ILIYOFUNGWA SIYO NYUMBA SAFI

Hapa nazungumza zaidi na wenye vibanda vyao vya Kibaha ambavyo hufunguliwa mara tatu kwa mwaka. Msidhani kwa kuwa mjini ndiko kwenye maradhi basi kibandani mko salama. Nyumba iliyofungwa miezi minne ina wenyeji wake: panya, popo darini, mende, na wakati mwingine nyoka kwenye kuni.

Mtu mzima mmoja aingie kwanza, afungue milango na madirisha yote, kisha atoke nje aiache nyumba ipate hewa nusu saa. Asifagie vumbi kavu. Kinyesi cha panya na popo kikipeperushwa na ufagio unakivuta kwa pua. Funika pua, nyunyiza maji yenye dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, acha iloane, ndipo ufute kwa tambara. Dawa hiyo usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, mchanganyiko hutoa moshi wa sumu. Magodoro na mito vitolewe juani. Vyombo vyote vioshwe upya hata kama viliwekwa kabatini vikiwa safi.

Zungukeni nyumba mkatafute maji yaliyotuama: vifuu vya nazi, makopo, matairi, mapipa. Kibaha hapo hapo kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Lakini kifuu kilichojaa maji mlangoni kwako hakihitaji kiwanda, kinahitaji mtu wa kukipindua. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue, na mbu wake huuma mchana. Wa malaria huuma usiku. Shambani mnaweza kukutana na wote wawili.

Usiku wa baridi msiingize jiko la mkaa ndani ya chumba mkafunga dirisha. Moshi wake wa sumu hauna harufu, na mtu hulala asiamke.

MAJI NA CHOO

Sehemu nyingi za Kibaha zinapata maji ya bomba, na mtambo wa Ruvu Juu unaoihudumia Dar es Salaam uko Mlandizi hapo hapo. Kisarawe mjini nako mradi wa maji kutoka Kibamba ulizinduliwa Juni 2020. Lakini ukiingia ndani mashambani bado ni kisima, bwawa au maji ya mvua. Maji kuonekana meupe si dalili ya usalama. Yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au tumia vidonge kwa kufuata maelekezo ya pakiti na kusubiri nusu saa. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Yafunike. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kufunika vyombo usiku, sunna nyepesi kabisa ambayo tumeiacha. Na kata ya kutekea isiwe ndiyo ya kunywea. Mtungi mmoja na kata moja inayozunguka vinywa kumi ni njia fupi ya kuwagawia watu maradhi.

Choo je? Choo cha watu wanne kikitumiwa ghafla na watu kumi na tano kwa siku nne hujaa na kuchafuka. Kabla ya kwenda, mtumie mwenyeji fedha kidogo akarabati sakafu, aweke mlango na mfuniko wa tundu. Shimo liwe mbali na kisima, angalau hatua arobaini hivi, na liwe upande wa bondeni. Watoto wasiruhusiwe kujisaidia vichakani. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye maji, njiani na kwenye vivuli vya watu, na shamba zima ni maji, njia na vivuli. Nje ya choo tengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyoning'inizwa. Watoto hukipenda kama mchezo. Kinabaki hapo baada ya ninyi kuondoka, na hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

SALAMU, SINIA NA SWALA

Huu ndio mtihani mkubwa, kwa sababu unagusa mapenzi na adabu zetu.

Salamu ya Kiislamu ni maneno, na ni dua ya amani. Kupeana mikono ni sunna nzuri, lakini katika msimu wa maradhi mkono kifuani na tabasamu vinatosha. Wafundishe watoto kabla hawajashuka garini: "Tunampenda babu, ndiyo maana leo tunampa shikamoo tukiwa tumesimama hapa." Babu akinyoosha mkono, baba mtu ndiye aeleze kwa upole. Asiachiwe mtoto.

Sinia moja ina baraka na udugu. Lakini ikiwa maradhi yapo, kila mtu na sahani yake, na mpakuaji awe mmoja aliyenawa. Mkae mkeka mmoja nje, chini ya mwembe, mkiachana nafasi. Baraka za kula pamoja hazipotei kwa kuwa wali umepakuliwa kwenye sahani mbili.

Katika kutawadha kila mtu na chombo chake. Swalini mahali penye hewa. Mwenye kikohozi aswali alipo. Aliyekula kitunguu saumu kibichi alitakiwa asiwaudhi wenzake msikitini kwa harufu. Mwenye kukohoa maradhi ana sababu kubwa zaidi.

Kama ni Idd ya kuchinja, mnyama mgonjwa au aliyekufa asiguswe. Mwaka 2007 nchi yetu ilipata homa ya Bonde la Ufa, na waliokuwa wanachinja na kuchuna walikuwa miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi. Damu na taka za tumboni zifukiwe chini sana, zisiachwe kwa mbwa na nzi.

AKIUGUA MTU

Homa ikianza shambani, usiseme moja kwa moja "ni malaria" wala "ni korona". Zote mbili zina homa, kuumwa kichwa na viungo kuchoka. Mpeleke zahanati ya karibu apimwe malaria ndani ya siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha haraka cha tone la damu. Akiwa malaria hana na homa inaendelea, au anapumua kwa shida, au anaharisha maji maji mfululizo, usingoje. Kibaha kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Kisarawe kuna Hospitali ya Wilaya mjini. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Ziandike kwenye karatasi ubandike mlangoni, maana simu ya baba ikiisha chaji usiku hakuna anayekumbuka kitu.

Kwa anayeharisha, maji ya chumvi ya pakiti yaanze hapo hapo wakati mnatafuta usafiri. Hakuna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo, mara nyingi.

Mgonjwa akae chumba chake chenye dirisha wazi, ahudumiwe na mmoja. Na msimrudishe mjini kwa daladala iliyojaa.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: "Ndugu, haya ni kukosa tawakkul." Mtume (s.a.w.) alimwambia bedui amfunge ngamia kwanza kisha amtegemee Allah. Sabuni ni kamba yetu.

Wapo watakaosema: "Wazee watakasirika, watasema watoto wa mjini wanatuona wachafu." Hili lina uzito. Dawa yake ni kugeuza maneno. Usiseme nakuogopa, sema najiogopa. "Mjomba, sisi ndio tunaotoka kwenye maradhi, tunakuhofia wewe." Sijaona mzee aliyekasirika kwa kuhofiwa namna hiyo.

Na wapo watakaosema: "Korona ilikwisha, kwa nini unatusumbua?" Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura yake tarehe 5 Mei 2023. Lakini tangu hapo tumeshasikia Marburg na mpox katika nchi yetu hii hii, na kipindupindu ni mgeni tunayemjua kila mvua zikizidi. Maandalizi ya mlipuko hufanywa kabla ya mlipuko. Familia iliyozoea kunawa na kupakua kila mtu sahani yake haitababaika siku ya tangazo.

MWISHO

Ndugu msomaji, sikukatazi kwenda shamba. Nenda ukaunge udugu, watoto wakajue minazi ilipandwa na nani. Ila siku ya kufunga mizigo, kabla ya kuhesabu kilo za mchele, kaa na familia yako dakika kumi muulizane: tunakwenda kwa nani, ana umri gani, ana maradhi gani, na sisi tunambebea nini ambacho hakionekani kwa macho? Siku ya kuondoka waachieni wenyeji choo safi, sabuni na kibuyu chirizi, na wiki mbili baadaye piga simu uulize kama wote ni wazima.

Mimi sikuuliza maswali hayo mwaka 2020. Mpaka leo nikienda kwa mjomba hupita kwanza upande wa pili wa njia, kwenye kaburi la jirani yake, nikamwombea. Ubao wao wa bao bado upo barazani, na mjomba hajapata mwenzake wa kucheza naye.

Allah atukinge na maradhi sisi na wenyeji wetu, na atujaalie tusiwe sababu ya madhara kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.